Semina ya Kutambua Uongo

Muturi alikuwa anakula chapati madondo nyuma ya soko la Kitengela, akisikiliza meza ya jirani, na kabla chai haijapoa akajua mwaka huo hatalala njaa. Pale walikuwa vijana wanaosomea ualimu. Mmoja, Hillary, alisoma kwa simu kwamba serikali imefuta somo la hesabu.

"Imetoka wapi?" mwenzake akauliza.

"Iko kwa grupu tatu. Haiwezi kuwa uongo kwa grupu tatu."

Wakaituma kwa ya nne. Na hao ndio watafundisha watoto wetu! Lakini walaumiwe vipi? Wakubwa wanaowaandaa hawapendi kuulizwa swali, basi watamfunza nani kuuliza?

Wiki hiyo Muturi akazaliwa upya: tai nyekundu, kompyuta ya kuazima, muhuri mkubwa kama kisahani, na jina la Daktari Muturi, bingwa wa kutambua habari feki. Tangazo lake lilisema asiye na cheti cha semina yake hataenda mazoezi ya kufundisha. Mkuu wa chuo chao, Bwana Kiama, msomi wa digrii mbili, aliuliza swali moja tu: kama ofisi yake itakumbukwa. Ikakumbukwa vizuri.

Wanafunzi wakalipa. Namunyak, msichana mmoja wao, alilipa kwa ng'ombe mtamba aliyeachiwa na marehemu mama yake. Baba yake alimuuza akiangalia kando.

Siku ya semina ilibidi masaa yajazwe, kwa hivyo Muturi akasoma maneno ya kweli aliyonakili mtandaoni. "Ukiona habari, jiulize: imetoka kwa nani? Nani anafaidika? Picha imepigwa wapi?" Ukumbi mzima ukaandika, vichwa chini.

Namunyak akainua mkono. "Daktari, na tangazo lako limetoka kwa nani?"

"Dada, huoni muhuri?"

"Muhuri naona."

"Basi keti."

Wenzake wakampigia Muturi makofi. Namunyak akaenda kumshtaki kwa Bwana Kiama.

"Msichana," mkuu akamwambia akifunga mlango, "ulikuja hapa kusoma ama kufikiria?"

Hakulia. Wakati wa chakula akaketi karibu na Daktari, mpole kama kondoo.

"Daktari, nisamehe ya asubuhi. Niko na shida ya nyumbani. Nasikia serikali itanunua ng'ombe waliokonda na kiangazi, tena bei maradufu. Mjomba wangu Lemein huko Mashuuru hajui, anauza wote bei ya kutupa. Nimwambie?"

Muturi akaacha kutafuna. "Usimsumbue mzee wa watu! Wako wapi hao ng'ombe?"

Akamwonyesha picha. "Ni hawa. Lakini kuna watu wa Isinya wako njiani na pesa."

Muturi hakuuliza imetoka kwa nani. Hakuuliza imepigwa wapi. Pesa yote ya semina iliyobaki ikaenda kwa simu ya Lemein na sahani ya wali bado imejaa.

Kesho yake akafika Mashuuru na lori la kukodisha. Lemein alikuwa hotelini, amenyoosha miguu.

"Sopa, Daktari."

"Mzee, ng'ombe wangu wako wapi?"

Lemein akaonyesha ukutani, kalenda ya duka la dawa za mifugo. "Si hao? Hesabu, hakuna aliyepotea."

"Naenda polisi!"

"Nenda, kijana wangu. Waambie pesa ulitoa wapi, na vile ulitaka kumpunja mzee asiyejua kitu."

Polisi hakwenda. Dereva wa lori alirudi Kitengela na ile kompyuta kama malipo yake.

Lemein alipomtumia pesa hiyo, Namunyak akaanza kurudishia wenzake ada yao kwa simu. Ila fungu la Bwana Kiama halikuwepo, na fungu la wakubwa halijui njia ya kurudi. Alipopiga hesabu, pengo lilimwangukia yeye: mtamba hakombolewi.

Ndipo grupu ikalipuka. "Msiguse hiyo pesa!" Hillary akaandika. "Ni mtego! Jiulizeni, nani anafaidika?" Akairudisha yake.

Namunyak akamtumia tena, na maelezo marefu. Hillary akairudisha tena, akajisifu kwa grupu nne kwamba sasa yeye hadanganyiki.

Mara ya tatu Namunyak hakumsumbua. Alimpigia baba yake simu, akamtumia pesa ya Hillary, akamwambia aende kwa aliyemnunua mtamba.