Vita vya Sixtus na Lori Lililoogopa Baridi

Simamisheni mashine zenu za kumenya kahawa, enyi watu wa milimani, nanyi wa ufukweni laleni kidogo juu ya makasia, msikie habari za Sixtus mwana wa Placidi, mfungua boneti, mshika spana namba kumi na tatu, dereva na fundi wa lori la kijiji cha ujamaa kilichokaa juu ya Mbuji. Wako waliopigana na majeshi yenye mikuki. Yeye alipigana na injini ya silinda sita, nayo ilikuwa imepoa.

Ilikuwa Julai ya mwaka sabini na nne, mwezi ambao baridi ya Umatengo humfanya mtu mzima akumbatie sufuria. Lori lile la petroli ndilo lililokuwa fahari ya kijiji: lilipeleka kahawa Mbinga mjini, likateremka hadi Lipingo ziwani kuleta dagaa. Lakini kila alfajiri lilipoamshwa liligoma, likatetemeka, likakohoa, likamisi, kama wasemavyo mafundi silinda ikikosa kuwaka, hata mbuzi wakakata kamba. Injini ikishapata moto lilitulia, likanguruma kwa adabu kana kwamba si lenyewe lililotukana kijiji kizima nusu saa iliyopita. Na ajabu iliyo kuu ni hii, kwamba likilala Lipingo, asubuhi liliwaka mara moja. Watu wakakata shauri kuwa lori hili asili yake ni ziwani, na kinacholiponya ni harufu ya samaki.

Mara tatu Bwana Cuthbert, afisa ushirika, mtu wa Masasi aliyevaa sweta juu ya sweta, alikuja kulikagua. Mara tatu alifika saa nne, akalikuta limepata moto na linaimba. Mara ya tatu akamwambia Mzee Bernadi, mwenyekiti wa kijiji, kwamba Jumatatu atafika saa kumi na mbili kamili. Ugonjwa usipojulikana siku hiyo, lori litahamia kijiji jirani kwa dereva mwingine. Maneno hayo yalimchoma Sixtus moyoni. Kurudi kwenye jembe hakukumtisha, maana alizaliwa na jembe. Kilichomnyima raha ni kuwaza lori lake likipita barabarani huku dirishani kimetokeza kiwiko cha mtu mwingine.

Wala asiwepo wa kusema shujaa alilitupa. Tangu Mei, kila jioni injini ingali moto, aliilaza kwa heshima. Aliifunika kwa magunia manne yaliyotoka kubeba kahawa mtoni ilikooshwa, kwa sababu yale makavu yalikuwa na kahawa ndani, na juu yake akatandaza blanketi zito ambalo Matilda mkewe alizawadiwa siku ya harusi. Matilda, bibi mwenye subira iliyokwisha kwisha, alikuwa akilala chini ya kanga mbili na manung'uniko.

Ikafika Jumatatu. Umande ulikuwa mweupe majanini, na kijiji kizima kilisimama kikijipulizia viganja. Sixtus akamwamkia Mzee Bernadi shikamoo, akakunja mikono ya shati, akanena mbele ya umati:

"Ndugu Afisa, na wewe Mzee wangu, leo adui hatapewa nafasi ya kuota moto. Nitamkamata angali kitandani."

Akaondoa blanketi na magunia, akampa Matilda avishike, akaiingiza hendeli na kuizungusha kwa nguvu za ukoo wake wote. Lori likakohoa, likapepesuka, likamisi. Ndipo akachukua kibuyu cha maji akaanza kudondoshea mabomba sita ya ekzosi yatoayo moshi wa kila silinda, moja baada ya jingine, kwani penye moto maji huchemka na kukauka. Bomba la kwanza likasema chwaa. La pili, chwaa. La tatu likanyamaza, maji yakateleza juu yake bila wasiwasi. La tano nalo likanyamaza. Naam, wasaliti wawili walikuwa wamejulikana.

Akazima injini. Akawabadilishia plagi, akaiwasha tena, wakaendelea kunyamaza; akaizima. Mwishowe akafungua kile kifuniko cheusi cha distribyuta, kinachogawia kila plagi umeme wake, akakiinamisha kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na matone ya maji. Akakikausha kwa pindo la shati, akakifunga, akazungusha hendeli, na injini, ingali baridi vilevile, ikaimba kwa mabomba yote sita.

Watu walipomaliza kupiga vigelegele, Bwana Cuthbert akauliza maji hayo yametoka wapi, maana mvua ilikwisha tangu Mei. Matilda akashika pembe ya blanketi lake, akaikamua polepole. Maji yakachuruzika chini mbele ya viatu vya afisa.

Sixtus akayatazama, na masikio yake yakawaka moto kuliko injini. Angeweza kunyamaza; umande ungebeba lawama. Lakini akanena, safari hii kwa sauti ndogo:

"Ndugu Afisa, adui ni mimi. Magunia yalikuwa mabichi na injini ilikuwa moto. Mvuke ukapanda, blanketi likauzuia, nao ulipopoa usiku ukawa maji ndani ya kifuniko. Lipingo kuna joto, sikulifunika, ndiyo maana lilikuwa zima. Samaki hawakuhusika."

Kiwiko cha yule mtu mwingine kilikuwa tayari dirishani machoni pa Sixtus. Bwana Cuthbert akatoa kalamu, akaipulizia wino upate kushuka, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Ugonjwa: kufunikwa. Dawa: kufunuliwa. Dereva abaki, kwa kuwa amejua na amesema."

Ndipo Mzee Bernadi akaamuru ushindi huo uingizwe katika muhtasari wa kijiji, pamoja na ujenzi wa shule na siku ya uhuru, ili wajukuu wasome. Watu wakamwinua Sixtus juu juu kama gunia la daraja la kwanza. Matilda akalibeba blanketi lake begani, likimdondokea mgongoni, akasimama mbele yao.

"Andikeni, sikatai," akasema, akimtazama mumewe kule juu. "Lakini andikeni na hili, Baba Vitalia akiwa anasikia: kuanzia leo, atakayelala na baridi ni lori."