Samaki wa Nyamambi Wanaomba Daraja

Kwa Mheshimiwa Bwana Shauri, Bomani

Kijito Nyamambi, njia ya Mohoro
9 Aprili 1952

Bwana,

Baada ya kukuulizia hali wewe na bibi na yule mbwa wako anayekula nyama kila siku, mimi ni mzima ila kitoweo sina. Ndiyo sababu ya barua hii.

Mwaka juzi mlipitisha barabara juu ya kijito chetu, mkalaza makaravati mawili ya zege ili maji yapite chini. Bwana wenu wa vipimo alikuja kiangazi, kijito kimelala. Tulimwambia angoje masika akione kikiwa macho. Akasema kamba yake inatosha. Haya. Mvua zilipokuja, karavati moja likapasuka likajaa mchanga. La pili maji yamelichimba chini, mdomo unaning'inia hewani kama dari. Malalamiko yangu:

1. Kila masika samaki hupanda kutoka mto mkubwa kuja kuzaa katika mashamba yetu ya mpunga, upande wa juu wa barabara. Sasa wanaruka, wanagonga zege, wanarudi chini. Nimemwona perege ana nundu.

2. Kambare, kwa ukaidi wake, alitoka majini akavuka barabara kwa tumbo. Lori likampitia. Nauliza: kambare ashike kushoto au kulia? Hakuna aliyemfundisha.

3. Mgono wangu, mtego niliousuka kwa mikono hii, masika mbili haujaona samaki. Kuku ametagia humo.

4. Mke wangu Biasha amechoka na wali mkavu. Kwetu mume asiyeleta kitoweo ni mgeni tu aliyekawia kuaga. Amenipa mpaka Ijumaa. Asipopatikana samaki anarudi kwa kaka yake Mrisho, upande wa chini wa barabara, hatua arobaini toka mlangoni kwangu. Tumekaa miaka thelathini na moja. Hapa, Bwana, sitanii.

5. Usije ukasema nasema ya kusikia: nilivua kanzu nikaingia karavatini mwenyewe, kisamaki. Nikanasa katikati. Wanawake waliokuja kuteka maji wakashauriana, wanivute miguu au wangoje mvua inisukume. Walinivuta walipomaliza kucheka, na hawakumaliza upesi. Ikiwa mimi niliyefika darasa la pili sikupita, perege atapitaje?

Kwa hiyo naomba mng'oe makaravati, mjenge daraja la kweli, refu, miguu yake ikae kando na kijito kipite kati bila kuulizwa. Fundi aje masika, na avue viatu. Likishindikana hilo, leteni askari mmoja awavushe samaki kwa ndoo, asubuhi na jioni.

Nisalimie karani, tarishi, mpishi, na kila anayekula samaki hapo Bomani bila kujua wametoka wapi.

Ni mimi, mtu wa wali mkavu,
Tamimu bin Sadallah

Nyongeza: Barua imekaa siku nne ikingoja wa kuipeleka, na Ijumaa imepita. Biasha alihama kweli. Nikamfuata kumbembeleza, nikamkuta amekaa chini ya mdomo wa karavati, ametandaza kanga. Kila samaki anayeruka akashindwa anamwangukia mapajani. Hata kunitazama hakuwa na nafasi. Shemeji Mrisho akanisogezea jiwe, nami nikakaa. Tumekula samaki siku tatu, na mke wangu ananiita mume. Bwana, msiguse kitu. Ila kama mna karavati la ziada, lileteni.