Wakili Wambura Anatunyima Nia za Kuombea

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Kama wewe ni Mwislamu, asalaam aleikum. Shida yangu haina dini. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo hapa Haneti. Kila Jumamosi tunasali nyumba kwa nyumba, kila mtu anataja linalomsumbua, na asiyetaja tunamtajia. Hivyo ndivyo tunavyosaidiana. Sasa amekuja wakili, Bwana Wambura, amefungua ofisi jirani na mashine ya kusaga, na kazi ya sala inakwama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu Ludovick ameonekana akiingia kwa wakili huyo mara tatu mwezi huu, amevaa shati la Pasaka. Mimi ananiambia alikwenda kusaga. Unga sijauona.

2. Nilikwenda kumuuliza wakili kwa adabu zote, na kuku mkononi. Akanijibu, "Mama Rose, aliyoyasema mteja hapa yanabaki hapa." Na kuku akamkataa. Mhariri, mtu anayekataa kuku ana moyo gani?

3. Sitaki umbea, nataka nia. Kama Ludovick ananiacha, tusali novena ya ndoa. Kama anaandika wosia, tusali ya wagonjwa. Jumamosi iliyopita, kwa kukosa uhakika, tulisali zote mbili. Sasa kijiji kizima kinajua kwamba Ludovick anakufa na ananiacha. Kosa la nani kama si la wakili?

4. Najua padre naye hasemi anayoyasikia kwenye kitubio. Lakini padre kapakwa mafuta. Wambura kapakwa nini?

Kwa hiyo naomba Serikali iagize kila wakili abandike mlangoni, kila Ijumaa, majina ya waliofika na waliyosema. Wenye aibu waandikwe kwa herufi ndogo.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata yule anayesoma barua za watu kabla hazijakufikia. Mungu awafunike.

Wako katika sala,
Hilaria, Mama Rose

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, Ludovick kaungama mwenyewe. Mara zote tatu alikwenda kuuliza mimi nilifuata nini kwa Wambura mwezi wa pili. Alijibiwa kama nilivyojibiwa. Alipeleka hadi mbuzi, akarudi naye. Mhariri, nilifuata hati ya shamba la zabibu aliloniachia mama, liwe kwa jina langu peke yangu kabla shemeji zangu hawajalinusa. Barua hii ichane. Wambura ni mtu wa Mungu. Jumamosi tutamwombea, ila sababu sitaitaja.