Kiti Kisikae Kitupu

Watumishi wenzangu, napenda kuwatangazia kwamba tatizo la usaili wa ndani limekwisha, na aliyelimaliza ni mimi, Mkuu wa Utumishi.

Zamani mtumishi akiomba cheo humu humu ofisini, alikuwa anainuka tu, anavuka korido, anasailiwa, anarudi. Holela kabisa. Kusailiwa ni shughuli binafsi, sawa na kwenda kunyoa. Nikatoa waraka: anayesailiwa achukue likizo, atoke getini, arudi kama mgeni, avae beji. Na kiti chake kisikae kitupu. Atakayekutwa amekikalia ndiye kaimu mpaka usaili umpate mwenye cheo. Mkurugenzi aliupenda waraka huo, akaugonga muhuri mbele na nyuma.

Wa kwanza kufaidika alikuwa Mama Masjala, mtunza mafaili wetu. Amekaimu ukuu wa masjala tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sasa nafasi ilitangazwa, naye akaitaka kwa moyo wote.

"Mzee, nimechoka," aliniambia. "Hata wajukuu nyumbani wananiita kaimu bibi."

Nilimwonea huruma, nikampa likizo ya nusu siku.

Kasheshe ikawa nani amkalie kiti. Wote wakaingia mitini. Yule wa mapokezi mgongo ulimkamata ghafla. Mhasibu akapata msiba wa mjomba ambaye tulishamzika mwaka juzi. Basi nikakaa mwenyewe, maana kiongozi ni mfano, nikawa napiga chafya kwa niaba ya umma.

Mama Masjala akatoka getini, akageuka, akaingia. Mlinzi, ambaye hunywa naye chai kila asubuhi, akamuuliza yeye ni nani na anamtaka nani. Akapewa beji, akaketi koridoni kungoja aitwe.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipopita ofisini kwangu, akakuta kiti changu kitupu. Kiti cha mwenye waraka! Akababaika, akaangaza huku na huku, akamwona koridoni mgeni mwenye beji, hana kazi. Akamsihi akae pale kidogo, sheria isije ikavunjika.

Jopo lilipomwita, Mama Masjala akajibu kwa heshima zote kwamba hawezi kuinuka, yuko kazini. Usaili ukavunjika. Mkurugenzi akaamua, kwa mujibu wa waraka, kila mtu akaimu pale alipokutwa.

Mimi nilikutwa masjala.

Wiki iliyofuata cheo changu kikatangazwa. Nikataka kukigombea, na anayetoa likizo ya usaili ni Mkuu wa Utumishi. Nikabisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe. Mama Masjala akanikaribisha vizuri, akaniketisha kwenye kiti cha wageni, kile chenye mguu unaocheza. Nilikiweka mimi, watu wasizoee kukaa. Akaniambia naye anakigombea cheo hicho, na siku ya usaili wake Mkurugenzi amejitolea kumkalia kiti. Nilifikiria kumwonya Mkurugenzi, halafu nikaona hayo si mambo ya masjala.

"Likizo ni haki yako, mzee wangu," akasema. "Ila wewe nani atakukalia kiti?"

Nikakiri hakuna. Wote wana migongo na misiba.

"Basi wahi, baba. Kisije kikaonekana kitupu."

Nikawahi, huku roho inaniuma kweli kweli. Jana nimefika nyumbani kichwa kizima vumbi la mafaili. Mjukuu wangu akanipokea mkoba, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, kaimu babu."