Kuusaka Mzuka wa Cherehani

Jumamosi, 7 Machi

Theluji imerudi. Gentille, mke wangu, ameondoa chungu cha maua kilichokaa juu ya cherehani yangu, akaweka pale kitenge alichotumiwa na mama yake. Yadi sita, kijani na dhahabu.  Halafu akanikumbusha: Mahafali yake ya uuguzi ni tarehe 21, na gauni nimemwahidi miaka mitatu. Nikamweleza kwamba mimi, Sosthène, si mvivu. Kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nilishonea kwaya nzima, kwa cherehani ya miguu! Tatizo ni mzuka, ile hamu inayoamsha mikono ya fundi. Umenipotea tangu tuhamie Minnesota. Kwa hiyo kwanza mzuka, kisha gauni. Akasema Kerubo wa ghorofa ya chini hushona bila mzuka, tena akitoka kazini. Dharau!

Jumapili, 8 Machi

Nimemkamata Kerubo baada ya ibada. Ni Mkenya, anahudumia wazee, na nusu ya kanisa huvaa nguo alizoshona yeye. Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, mtu aliyepotewa na mzuka afanyeje. Akajibu kwamba huyo rafiki ashone dakika kumi kila siku, hata foronya. Foronya! Mtu wa hadhi yangu!

Nimeamua tofauti. Mzuka unataka mazingira. Nimehamishia meza ya chakula dirishani, iwe karakana. Familia imekula chini, kwenye zulia. Binti yetu Merveille alisema jambo kwa Kiingereza. Nimejifanya sikuelewa.

Jumanne, 10 Machi

Karakana imepoa mno. Nimeendesha gari kutoka hapa Brooklyn Park hadi duka la vitambaa kule Saint Louis Park, nikanunue uzi wa kijani tu. Nimerudi na vitambaa vinne, lesi na vifungo vyenye umbo la tembo. Vizuri ajabu!

Uzi nimesahau.

Ijumaa, 13 Machi

Siku tatu nimepanga vifungo kwa ukubwa na vitambaa kwa rangi. Nimechoka kama mtu aliyeshona. Gentille ameuliza lini atapimwa. Nimemwambia mzuka ni kama paka, ukiukimbilia unajificha. Amesema sisi hatuna paka.

Jumatatu, 16 Machi

Mbinu mpya: wivu. Nikimwona Kerubo akishona, damu itachemka na mikono itaamka. Lakini niende kwake kwa sababu gani? Nikang'oa zipu ya suruali yangu ya kazi kwa koleo. Nikashuka.

Kerubo aliitazama zipu, akanitazama mimi.

"Fundi, hii imeng'olewa na nani?"

"Imechakaa tu, dada."

"Imechakaa, na hizi alama za koleo?" Akanivutia kiti. "Basi si ukae ushone mwenyewe? Mimi niko na shifti saa tisa, na ugali uko kwa moto."

Nikakaa. Fedheha! Baada ya dakika ishirini zipu ilikuwa mahali pake. Pembeni kulikuwa na pazia lisilo na pindo, nikalipinda. Kukawa na shati lenye kola iliyofumuka, nikaishona. Nikajikuta naimba besi, ile ya kwaya ya kambini, kwa sauti. Nilipoinua macho Kerubo alikuwa amesimama na mwiko mkononi, anatabasamu.

Nimeigundua siri! Ni kiti chake. Cha mbao, chenye mto mwekundu. Nikaomba kukiazima. Akanitazama kwa muda mrefu, kama anavyowatazama wazee wake nadhani, akasema nichukue.

Alhamisi, 19 Machi

Kiti hakifanyi kazi. Nimekigeuza mashariki. Nimekigeuza magharibi. Pengine ni kigeni katika nyumba hii. Nimekikalia saa mbili ili kinizoee, nikisoma habari za mpira.

Jumamosi, 21 Machi

Asubuhi nimetoka bafuni nikamkuta Gentille amekikalia kile kiti, kitenge mapajani, sindano ya mkono vidoleni. Kitenge amekikata mwenyewe! Mishono mirefu kama ya gunia. Mikono yote miwili ya gauni imekatwa ya kushoto. Mahafali saa kumi alasiri.

Nikamuuliza kwa nini hakumpelekea Kerubo.

"Mama alisema kitenge hiki akishone yule kijana aliyenishonea sare ya kwaya," akasema, bila kuinua kichwa. "Nimemsubiri, Baba Merveille. Nimeona haji."

 

Nikaichukua sindano mkononi mwake. Nikafumua yote. Nikampima kiuno, ambacho si kile cha kambini, na nikawa na akili ya kunyamaza. Nikashuka mbio kwa Kerubo kuomba uzi wa kijani. Akanipa bila kuuliza. Mkono mmoja nikaukata upya kutoka kwenye masalio, lakini hayakutosha, ikabidi niunge lesi kwenye mikono yote, ionekane ndivyo nilivyokusudia. Sikula. Sikukumbuka kula. Saa tisa na nusu nikakata uzi wa mwisho.

Gentille alijitazama kwenye kioo cha bafuni. Akagusa lesi ya mkono mmoja, kisha wa pili. Akaegemeza kichwa begani kwangu mpaka Merveille akaja kutukumbusha kuwa tumechelewa.

Jumapili, 22 Machi

Gauni limetikisa ukumbi! Wanawake watano wameniomba niwashonee, na Mama Ntwali wa kanisani kwetu ameshika ile lesi akasema hajaona ubunifu kama huo tangu aje Amerika.

Nimetafakari kwa makini mzuka ulirudije. Jibu liko wazi: ni maandalizi. Wiki mbili nzima za kupanga, kununua na kukaa. Watu wanakosea kwa kukimbilia kushona!

Elimu kama hii haifai kufichwa. Leo kanisani nimetangaza semina ya kuusaka mzuka, Jumamosi nne, nami ndiye mwalimu. Oda zote nimezisimamisha hadi Juni, nipate nafasi ya kubuni vyeti. Mchungaji ameuliza kama washiriki watashona chochote. Nimemjibu kwamba wiki ya nne, muda ukiruhusu.

Jioni Gentille ameniletea koti lake la baridi, mfuko umechanika. Nimemwambia kwa upole ajiandikishe. Viti vya mbele bado vipo.