Dirisha Lenye Adabu

Jumatatu, 8 Machi 1999

Nimepata njia ya kuikwepa Shelui! Baba ameshatamka: nisipopata kazi hapa Singida mjini wiki hii, Jumapili napanda basi kwenda Shelui kwa Shangazi Mosi, nikawapikie chapati madereva wa malori. Madereva! Mimi, ambaye hata kumwamkia jirani naona haya.

Njia yenyewe: Mzee Abdulazizi, muuza mafuta ya alizeti, ameleta kompyuta kutoka Dar. Tangu ifike imefunikwa kitambaa cha kufuma. Anataka programu ya kuandikia madebe yanayoingia na kutoka. Mwalimu wetu wa kompyuta, Gasto, atampelekea kazi mbili: yangu na ya mwanafunzi mwenzangu Happiness. Yule ambaye programu yake itampendeza Mzee ndiye atakayekaa dukani kuiendesha.

Happiness! Yule anayecheka kabla hujamaliza kusema.

Jumanne, 9 Machi

Kutengeneza dirisha la kwenye kioo cha kompyuta si kazi ngumu. Unachukua kitufe, unakivuta kwa kipanya, unakiweka mahali. Kisha unaandika amri: kikibonyezwa, kifanye nini. Mwalimu anasema dirisha zuri halimchoshi mtu. Sikubaliani. Nani anaingia dukani na kudai debe bila salamu?

Halafu wazo likaja. Kompyuta iamkie badala yangu! Yenyewe haioni haya. Dirisha likifunguka tu: SHIKAMOO. Chini yake kitufe: Marahaba. Asiyebonyeza hapati kuandika debe.

Alhamisi, 11 Machi

Nimeongeza Habari za nyumbani, Habari za watoto, Habari za mvua. Kila moja ina kitufe kimoja tu: Nzuri. Mwalimu akauliza, na yule ambaye mahindi yake yamekauka? Nikanong'ona kwamba hata huyo husema nzuri kwanza. Akakuna kichwa.

Nimechungulia kazi ya Happiness. Ingiza, Toa, Funga. Basi! Vitufe vitatu vimejibanza pembeni kama kuku walionyeshewa. Akaniuliza langu ni dirisha au harusi. Nilipata jibu kali sana la kumpa. Nililipata jioni, nikiosha vyombo.

Jumamosi, 13 Machi

Siku ya siku. Kitambaa kikaondolewa, Mzee akaketi. Nilijificha nyuma ya madebe, nikaacha kazi yangu ijisemee. SHIKAMOO! Mzee alicheka hadi kofia ikamtoka. Akabonyeza Marahaba. Akamwita mkewe aje aone mtoto huyu wa umeme. Shelui kwaheri!

Akaandika debe la kwanza. Dirisha likarudi mwanzo: SHIKAMOO. Habari za nyumbani. Debe jingine: SHIKAMOO tena. Simeoni, mpakiaji, alikuwa amesimama na debe begani. Akaomba, Mzee wangu, hizo habari za mvua zitaisha lini, shingo inakatika. Mzee akamwambia basi njoo ubonyeze wewe. Kompyuta ikampa Simeoni shikamoo mbele ya tajiri wake. Simeoni akaitikia kwa sauti nene, marahaba mwanangu!

Mzee aliacha kucheka. Akauliza nani ameifundisha mashine adabu hii. Mwalimu akanyoosha kidole kwenye madebe. Mzee akachungulia nyuma ya madebe. Akasema, binti, mashine yako haichoki kuniamkia, lakini wewe mwenyewe tangu umeingia hujaniamkia hata mara moja.

Nilirudi nyuma hatua moja. Debe moja likaanguka.

Happiness akapiga goti kidogo, akasema shikamoo babu, akabonyeza Ingiza. Kazi ni yake.

Nimetafakari njia nzima hadi nyumbani. Kosa nimeliona: herufi zilikuwa ndogo.

Alhamisi, 18 Machi. Shelui

Shangazi Mosi analalamika. Madereva wanasifu chapati ila wanasema mpishi ana kiburi, haamkii watu. Nimemwambia asihofu, hili ndilo nililosomea.

Nimekata boksi la sabuni, nikalitundika kwenye dirisha la jiko, mimi nikabaki nyuma yake. Herufi kubwa kuliko kichwa changu: SHIKAMOO. Chini nimechora kitufe: Marahaba. Mteja akibonyeza, natoa chapati. Bila kuonana!

Leo dereva wa kwanza alibonyeza kwa nguvu. Boksi likatumbukia kwenye sufuria ya chai. Shangazi alisema maneno ya Kinyiramba ambayo sitayaandika hapa.

Kesho natumia bati. Na naongeza Habari za safari.