Kiti cha Nyuma cha Pikipiki ya Pazi

Jumapili, 20 Julai 1913. Morogoro.
Mwaka wa kumi na tisa tangu niondoke Kisaki, ule mwaka wa nzige. Bado nakumbuka harufu ya mtama mbichi kando ya Mto Mgeta. Leo imekuja habari kutoka kwa dada yangu Chausiku. Binti yake, Furaha, ataolewa mfungo mosi, baada ya Idi. Lazima mjomba awepo kumsemea. Na mjomba atakayesimama ndiye atakayepewa shamba la bibi yetu, ambalo limelala bila mwenyewe.
Mjomba ni mimi! Nani tena?
Aliyeleta habari akasema Chausiku hakutaja jina. Alisema mjomba yeyote, ilimradi afike mzima. Yeyote! Maana yake ni Abasi, mtoto wa mama mdogo, anayekaa mtaa wa pili na kukohoa kila nikisoma kwa sauti.
Kwa miguu siwezi, magoti yamekwisha. Lakini Pazi, mfanyabiashara wa ngozi, atakwenda Kisaki siku hizo hizo kwa pikipiki aliyoinunua kwa Mzungu wa shamba la mpira. Nyuma yake kuna nafasi ya mtu mmoja.

Jumanne, 22 Julai.
Nimekwenda kwa Pazi. Abasi alikuwa amekwisha fika! Amekaa, anakunywa kahawa.
Pazi ni mtani wa ukoo wetu, kwa hiyo anatutukana wote wawili na hakuna ruhusa ya kununa. Alisema wazee wawili kama magunia ya pumba yeye hana pa kuwabeba, atabeba mmoja. Pikipiki yenyewe ndiyo itakayochagua. Siku ya safari kila mmoja atapanda mara moja, kutoka sokoni hadi Bigwa na kurudi. Atakayerudi amekaa, huyo ndiye mjomba.
Abasi akacheka. Yeye ni mwembamba kama ufito, anadhani wepesi ni sifa.
Nikaomba kuichunguza mashine. Pazi akakubali, maana mgongo wake mwenyewe unamuuma na mimi ndiye mtu pekee mtaani niliyesoma kila karatasi ya Kijerumani iliyowahi kufungiwa sabuni.
Ajabu tupu! Gurudumu la mbele lina springi. Nyuma hakuna kitu, ni chuma kitupu. Ndiyo sababu Pazi anatembea kama bata.

Jumatano, 23 Julai.
Nimepata springi nne za kochi la mnadani. Nimezifunga chini ya ubao, ubao nimeuweka nyuma ya Pazi. Kisha jaribio. Nikachora alama ya mkaa mahali ubao ulipo bila mtu. Nikakaa. Ubao ukazama hadi chini, tii! Hakuna nafasi iliyobaki ya kuzama zaidi, kwa hiyo kila shimo lingenigonga moja kwa moja. Nikakaza nati, springi zikajibana, nikakaa tena. Safari hii nilizama theluthi tu ya njia, napo nikachora alama ya pili. Ikabaki nafasi ya kushuka kwenye shimo, na ya kupanda kwenye tuta.
Sikulala mchana kwa furaha. Kumbe springi haina ugumu wala ulaini wake. Inategemea nani ameikalia!
Mke wangu, Asia, akauliza kwa nini mtu mzima anachuchumaa kutwa nyuma ya tako la mashine.

Ijumaa, 25 Julai.
Jaribio la kwanza barabarani. Sokoni, sawa. Msikitini, sawa, nikawapungia watu mkono. Kwenye reli, balaa! Tukaruka tuta la kwanza, springi ikanirusha. Ikanidaka. Ikanirusha tena juu zaidi. Mara ya tatu haikunidaka.
Niliangukia tenga la kabichi la Scholastika, mama wa misheni anayeshuka milimani kuuza mboga. Aliniamkia kwanza kwa heshima zote, shikamoo mzee, ndipo akauliza kama napenda kupimwa pamoja na kabichi au peke yangu. Soko zima likasikia. Abasi alikuwapo. Abasi huwapo siku zote.

Jumatatu, 28 Julai.
Nimefikiri siku tatu, nimelala kifudifudi kwa sababu ya mgongo. Springi inajua kurudi, haijui kutulia. Inahitaji kitu cha kuisihi irudi polepole.
Nimekata vipande vya ngozi ya ng'ombe, mviringo, nikavibana kwenye bawaba ya chuma inayoushika ubao. Ngozi inasuguana na chuma, ubao unapanda kwa adabu. Nikibana sana, ubao hausogei kabisa. Nikilegeza, narushwa. Nimebana, nimelegeza, nimebana. Pazi akasema hata mkewe hajawahi kutazamwa kwa makini kiasi hicho.

Ijumaa, 1 Agosti.
Nimefaulu! Tumepita reli, tumepita mashimo ya Bigwa, na kikombe cha maji mkononi mwangu hakikumwagika, isipokuwa kidogo kwenye kanzu ya Pazi. Kama kukaa juu ya maji yenyewe.
Kisha nikamkaribisha Abasi ajaribu. Kwa wema. Alikuwa kama choroko kwenye kikaango! Springi iliyokazwa kwa uzito wangu haikumtambua hata kidogo. Alirudi ameshika kofia kwa meno.
Basi nimezigonga nati zote kwa nyundo hadi zimebapa. Hakuna spana itakayozifungua tena. Kiti hiki kimekatwa kwa mwili wangu kama kanzu.

Ijumaa, 8 Agosti.
Ramadhani. Nafunga kwa bidii kuliko mwaka wowote. Nina sababu mbili: thawabu, na ile kanzu yangu nyeupe niliyotoka nayo Kisaki. Nataka wanione nikishuka nikiwa nimeivaa. Jana ilikwama mabegani.
Nimemwalika Abasi afuturu kwetu kila siku ya mwezi huu. Asia akashangaa ukarimu umetoka wapi. Si ukarimu. Nataka nimwone kila jioni, asije akaenda kwa Pazi kufanya hila. Watu wengine wana hila sana.

Jumatatu, 25 Agosti.
Kanzu imeingia! Inaning'inia hata. Wakati wa futari mimi huchukua tende na uji, basi.
Abasi anakula kama anahama. Muhogo wa nazi, maandazi, tambi, kisha anauliza kama daku ipo. Asia anamsifu kwamba yeye angalau anaheshimu jikoni. Shingo imenenepa, anahema akikaa. Nacheka kimoyomoyo. Mzee mzito namna ile atapandaje pikipiki?

Jumamosi, 6 Septemba.
Siku ya safari. Nitaandika kwa ufupi, nimelala kifudifudi.
Nilipanda wa kwanza, kwa kanzu nyeupe. Ubao haukuzama. Nilikaa, nikatikisika, nikajibonyeza kwa mikono, wapi! Kwenye tuta la reli springi ilinitema kama kokwa. Scholastika aliponiona angani aliondoa kabichi zake mapema.
Nikaomba nati zilegezwe kidogo. Pazi akaja na spana, akazitazama zilivyobapa, akauliza ni mpumbavu gani wa ukoo wa kina nani aliyezigonga hivi. Anajua vizuri.
Kisha Abasi akapanda. Ubao ukashuka theluthi ya njia, polepole, ukatulia. Hasa pale penye alama yangu ya pili ya mkaa! Alikwenda Bigwa na kurudi. Walipofika sokoni ilibidi wamwamshe.
Pazi akasema mjomba amepatikana. Akanishauri niende kulala, niwaachie wanaume barabara. Wameondoka kabla ya adhuhuri. Asia alimfungia Abasi maandazi ya njiani.

Jumatano, 17 Septemba.
Pazi amerudi peke yake.
Furaha ameolewa. Abasi alimsemea vizuri, watu walilia. Amepewa shamba la bibi, na ameanza kulima, hatarudi Morogoro. Chausiku alimkumbatia akasema safari hii amepata ndugu mwenye afya. Kuhusu mimi aliuliza kama bado nasoma kwa sauti.
Nimechunguza jambo hili kwa utulivu, na kosa ni la barabara. Tuta la reli limeongezwa kimo. Na kanzu ile nyeupe inashika upepo.
Mwezi ujao Pazi anakwenda Ngerengere kuchukua ngozi, ana nafasi ya mtu mmoja. Nimetengeneza ubao mpya, springi mpya, ngozi mpya. Leo nimejipima juu yake, nimezama theluthi kamili. Nimezigonga nati mara moja, asije mtu akazichezea. Asia anasema nimekwisha, nimebaki mifupa, na kuanzia leo hanipi tena uji mtupu. Hapa ninapoandika ameleta sahani ya tatu ya wali. Nimeipokea.
Shamba lile la kando ya Mgeta lina mtu sasa.
Kisaki sitarudi.